Ardhi kwanza, tairi baadaye

Nikifika kwa mteja sishushi kitu kwenye kirikuu, kigari changu kidogo cha mizigo, mpaka nimelizunguka gari lake kwa miguu. Mteja ana haraka zake, kasimama na ufunguo mkononi, kazini kashachelewa, na ninaona anavyonitazama: fundi kaitwa kubadilisha tairi la mbele, mbona anainama kwenye magurudumu ya nyuma na kukanyagakanyaga mchanga? Namwomba anivumilie kidogo, namaliza mzunguko wangu. Kila ninachokitazama pale nilijifunza mahali fulani, siku fulani, na mara nyingine kwa gharama.

Kazi yangu ni ya matairi, ila ya kulifuata gari lilipo. Unanitumia lokesheni kwa WhatsApp pamoja na picha ya ubavu wa tairi ili nijue saizi, nami nakuja nyumbani au ofisini kwako. Nilianzia kwenye kijiwe cha pancha Mwenge, chini ya mzee mmoja aliyenifundisha kushika leva na kusoma geji. Baadaye nikanunua pikipiki, nikawa nazunguka na begi la vifaa, jeki ndogo ya kukunja na pampu ya kuchomeka kwenye betri ya gari. Leo nina kirikuu yenye jenereta, kompresa ya tangi, jeki mbili za magurudumu, stendi nne za kulishikilia gari likiinuliwa na mashine ya mkono ya kuvulia matairi. Natembea hapa Dar es Salaam: Sinza, Kimara, Goba, Mbezi Beach mpaka Tegeta, na katikati ya wiki nashuka Posta na Masaki.

Watu hudhani tofauti kubwa kati ya kijiwe na kazi hii ni usafiri. Kijiweni tulikuwa na sakafu moja tu. Zege lile lile, tambarare kama meza, kila siku ya Mungu. Ukishaizoea unaisahau. Ukienda kwa mteja, uwanja ni wa kwake, na unaukuta kama ulivyo: mchanga wa Kunduchi, pevingi za Mikocheni zinazocheza ukizikanyaga, vilima vya Goba, maegesho ya chini ya ghorofa pale Posta. Tairi ni lile lile. Kinachobadilika ni kilichopo chini yake.

Goba ndiko nilikofundishwa hilo. Ilikuwa enzi za pikipiki. Dada mmoja alinipigia asubuhi, gari lake, Toyota IST, limeamka tairi la mbele kushoto limelala. Nilikuta gari limeegeshwa ndani ya geti, kwenye njia inayoteremka kutoka mlango wa nyumba hadi getini, pua ikitazama chini. Nikamwuliza, "Dada, umeweka P?" Akajibu ameweka. Nikaangalia, kweli gia iko P, ile ya kuegeshea. Nikalegeza nati nusu mzunguko, nikaweka jeki, nikaanza kupandisha.

Gurudumu lilipoachana na ardhi, gari likaanza kuondoka. Halikuruka wala kupiga kelele. Liliondoka taratibu, kama mtu anayeinuka kwenye kiti, jeki ikainama, ikalala, gari likadondokea gurudumu lake bovu na kuendelea kuteremka. Mtoto wa yule dada, wa miaka kama sita, alikuwa anachezea mpira kati ya gari na geti. Mama yake alipiga kelele moja tu ya jina lake. Mtoto akaruka pembeni, gari likapita, bampa likagonga geti na kusimama. Mpira ulibaki umebanwa chini.

Bampa nililipa mimi, kwa awamu mbili, na dada yule hakunidai hata siku moja kwa ukali. Lakini usiku ule sikulala. Nilitaka kujua gari liliondokaje wakati gia iko P. Mzee wangu wa Mwenge ndiye aliyenieleza, akichora kwa kijiti kwenye vumbi. P haishiki magurudumu, inafunga giaboksi. Kati ya giaboksi na magurudumu kuna difu, na kazi ya difu ni kuyaruhusu magurudumu mawili yazunguke kwa kasi tofauti gari linapokata kona. Kwenye gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, ukiinua moja la mbele, lililo hewani linakuwa huru kuzunguka kinyume, na lililo ardhini linapata ruhusa ya kubiringika. P iko pale pale na gari linaondoka. Kinacholishika gari hapo ni hendibreki, kwa kuwa yenyewe inakamata magurudumu ya nyuma. Dada wa watu hakuwa ameivuta. Wenye gari za otomatiki wengi hawaivuti, wanaamini P inatosha. Nami sikumwuliza, maana pale kijiweni sakafu haikuwahi kunidai swali hilo.

Tangu siku hiyo naivuta mwenyewe hendibreki, kwa mkono wangu, hata mteja akiapa kwamba ameivuta. Naweka vigingi vya mbao kwenye magurudumu yatakayobaki chini, upande wa mteremko. Watoto wote wanaingia ndani, na hilo silisemi kwa upole. Kama mteremko ni mkali, naomba gari lisogezwe mpaka pakavu na tambarare, hata kama ni kwa tairi lililolala na ni mita kumi. Mteja atasema tairi litaharibika. Ndiyo, huenda likaharibika. Tairi linanunulika.

Mchanga nao una tabia zake. Jeki ikiwekwa juu ya mchanga haizami wima, inazama upande mmoja, na unapoigundua gari limeshaegemea. Natembea na vipande viwili vya ubao mnene, upana wake unazidi kitako cha jeki pande zote, na kabla sijapandisha nauruka ubao wenyewe mara mbili tatu uketi. Gurudumu likishatoka nalilaza chini ya kizingiti cha gari, karibu na stendi. Stendi ikishindwa, gari litaangukia rimu, halitaangukia mguu wangu.

Kuna jambo jema moja ambalo kazi hii imenipa na kijiwe hakikuweza kunipa, nalo ni tairi baridi. Upepo hupimwa gari likiwa limelala, halijatembea. Likishatembea, tairi linapata moto, hewa ya ndani inatanuka, na geji inaweza kuongeza psi 4, kipimo chetu cha upepo, au zaidi juu ya ukweli. Kijiweni kila gari lilikuja limetoka barabarani, lina moto wa foleni ya Sam Nujoma na jua la saa nane. Tulikuwa tunapima joto tunadhani tunapima upepo. Sasa nafika kwa mtu saa moja asubuhi, gari limelala usiku kucha kwenye kivuli, naweka geji, na ninachosoma ndicho kilichomo.

Na ninachokisoma mara nyingi kinasikitisha. Gari moja, magurudumu manne, namba nne tofauti: 22, 38, 31, 40. Mteja ananiambia, "Lakini fundi, juzi nilijaza kituo cha mafuta." Namfungulia mlango wa dereva, namwonyesha kibandiko kwenye nguzo ya mlango. Magari yetu mengi yametoka Japani, kibandiko kimeandikwa Kijapani, ndiyo maana watu wanakipita bila kukitazama. Lakini tarakimu hazina lugha. Ukiona 230 kwenye safu ya kilopaskali, hiyo ni kama psi 33. Wengine wanasoma namba iliyoandikwa kwenye ubavu wa tairi na kujaza mpaka hapo. Namba ile ni mwisho wa uwezo wa tairi. Gari lako halikuiomba. Nilimkuta kaka mmoja wa Mbezi Beach amejaza 44 kwa sababu hiyo. Kashata za katikati, yale matuta ya mpira yanayokanyaga barabara, zilikuwa zimekwisha kabisa, na za pembeni bado mpya. Likijazwa pungufu inakuwa kinyume, mabega yote mawili yanalika na katikati inabaki. Likilika bega moja tu, hapo tatizo si upepo, nenda kapime alaimenti, yaani unyoofu wa magurudumu.

Sasa niseme juu ya kukataa kazi, maana hiyo ndiyo sehemu ngumu kuliko jeki na mchanga.

Ukiwa kijiweni, ukimkatalia mteja anawasha gari anaondoka. Ukiwa nyumbani kwake, umekaribishwa kiti, umepewa maji ya kunywa, umetumia mafuta kutoka Sinza mpaka Bunju, halafu unamwambia hapana. Mzee mmoja mstaafu aliniita nimfungie matairi manne ya mtumba aliyoyanunua mwenyewe. Nikamwamkia, akanionyesha matairi kwa furaha, kashata nene, meusi, yamepakwa dawa yanang'aa. Nikalitafuta la kwanza ubavuni ile alama ya DOT. Tarakimu 4 za mwisho zinakwambia wiki na mwaka wa kutengenezwa. Ilikuwa 0911, wiki ya 9 ya mwaka 2011. Nikalikunja kidogo kwa goti, na chini ya ile dawa nyufa zikafunguka kama visigino vya mtu aliyetoka shamba kiangazi. Mengine matatu yalikuwa hivyo hivyo. Kashata zinaonyesha tairi limetembea kiasi gani. Hazionyeshi limekaa kiasi gani. Mpira unazeeka hata ukiwa stoo.

Nilimwambia, "Mzee wangu, haya siwezi kukufungia. Unasafiri nayo Morogoro na wajukuu." Aliumia. Alisema vijana wa siku hizi tunataka kuuza vya kwetu tu. Nikamweleza siuzi, anunue popote, mimi nitakuja kumfungia na sitamdai ujio wa leo. Hakunipigia tena. Sijui kama alipata mwingine wa kumfungia. Nikipita njia ya nyumbani kwake bado natazama kama lile gari lipo.

Kuna magari mengine yanatoka bandarini na matairi ambayo mwenyewe hajui ni ya nini. Ubavuni pameandikwa STUDLESS. Hayo ni matairi ya theluji. Kashata zake zimekatwakatwa vijistari vyembamba kama vya wembe, na mpira wake ni laini makusudi, ili usikakamae kwenye baridi ya Japani wakati wa kipupwe. Uyaweke kwenye lami ya Dar mwezi wa Februari uone. Yanaisha mbio, na ukikata kona kwa kasi gari linayumba kama limekaa juu ya sponji. Wateja hupenda kuniambia, "Lakini ni ya Japani orijino." Ni orijino kweli, ila ya nchi yenye barafu.

Na msumari. Ukiwa katikati ya kashata, nauziba, lakini lazima nilitoe tairi kwenye rimu kwanza. Kuchomeka kamba kutoka nje bila kutazama ndani nimeacha tangu siku nilipovua tairi la gari moja aina ya Noah, Tegeta. Kwa nje msumari mmoja mdogo, pancha ya dakika kumi. Ndani nikakuta unga mweusi, viganja viwili, na ubavu wa ndani umelika pande zote kama mviringo uliochorwa kwa kisu. Dereva alikuwa ametembea nalo likiwa halina upepo, kilomita mbili tatu, akitafuta mahali pa kusimama. Nyuzi za ubavu zilikuwa zimekwisha. Ningeziba msumari ule na kujaza upepo, tairi lingesimama vizuri mbele ya macho yetu sote, likapasuke mbele ya safari. Msumari wa begani au ubavuni siuzibi hata kwa bei gani. Pale tairi linakunjika kila mzunguko, kiraka hakidumu.

Tegeta hiyo hiyo, karibu na bahari, kuna mama mtu mzima ambaye tairi lake lilikuwa linapungua kila wiki na vijiwe vitatu vilishalizamisha kwenye beseni bila kuona kitu. Nilipaka maji ya sabuni kwa brashi taratibu, kuanzia valvu, nikazunguka pale tairi linapokutana na rimu. Nikasubiri. Baada ya dakika mbili hivi likajitokeza povu jeupe, dogo dogo, kama la maziwa yanayoanza kuchemka, urefu wa kidole. Rimu yake ya aloi ilikuwa imeliwa na chumvi ya hewa ya pwani, imekuwa na vipele pale mdomo wa tairi unapokaa. Kwenye beseni la maji ya tope mapovu hayo hayaonekani. Nikavua, nikasugua kwa brashi ya waya na msasa mpaka ikawa laini, nikapaka dawa ya mdomo wa tairi, nikajaza. Aliniandalia chai na mihogo. Mpaka leo upepo haujapungua.

Posta ni habari nyingine. Kule adui si ardhi, ni utaratibu. Mlinzi wa geti anataka jina lako liwe limeandikwa, kirikuu yenye kitu juu haipiti maegesho ya chini, na kompresa ikinguruma chini ya ofisi za watu simu zinaanza kupigwa. Siku hizi naomba mteja aongee na walinzi jana yake, magurudumu nayabeba mpaka nje kwenye kirikuu, narudi nayo yamekamilika. Na kabla sijaondoka nyumbani nauliza swali moja: nati ya loki unayo funguo yake? Rimu nyingi za spoti zina nati moja kila gurudumu isiyofunguka bila kichwa chake maalumu. Kichwa hicho mara nyingi kiko kwenye droo ya dashibodi au pamoja na spea tairi, na mara nyingi mteja anasikia habari yake kwangu kwa mara ya kwanza.

Nimebakiza nati, na hili nalisema kwa uzito wake.

Nilimfungia dada mmoja wa Kimara matairi manne mapya. Nati nilikaza kama tulivyokuwa tunakaza Mwenge, wilispana na mguu. Siku ya tatu akanipigia: "Fundi, kuna kitu kinagonga mbele, nikikanyaga breki kinazidi." Nikamwambia, "Dada, simama hapo hapo ulipo, usisogee hata hatua moja." Alikuwa Ubungo, amewabeba wanawe wawili kutoka shule. Nilipofika nikashika nati kwa vidole. Mbili zilizunguka. Kwa vidole.

Nilivua gurudumu pale pale kando ya barabara, na nilichokikuta ni kutu. Uso wa habu, pale rimu inapokaa, ulikuwa na ngozi ya kutu ambayo sikuisafisha. Nilikaza nati juu ya kutu, gari lilipotembea kutu ikasagika, nafasi ikapatikana, nati zikalegea. Mguu wangu haukukosa nguvu. Tena mguu una kosa lake la pili: ukikaza kupita kiasi unavuta studi, zile bolti zinazoshika nati, mpaka zinachoka, na siku mteja akipata pancha usiku Chalinze na ile wilispana fupi iliyokuja na gari, nati hazifunguki.

Wiki hiyo nilinunua toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza na kulia tak ikifika. Ilikula faida ya mwezi mzima. Toyota ndogo nyingi zinataka nyutoni mita 103. Nasugua habu kwa brashi ya waya, naanza nati zote kwa mkono, nakaza kwa mtindo wa nyota, nati moja kisha ya upande wa pili, gari nalishusha chini ndipo namalizia kwa toki renchi, na mteja anasikia tak ya kila nati. Halafu baada ya kilomita 50 mpaka 100 narudi kuzikaza upya, bila malipo. Kama yuko mbali, namwelekeza kijiwe cha jirani na kumwambia awaambie wasitumie mguu. Dada wa Kimara alinisamehe mbele ya wanawe. Bado ni mteja wangu, na kila nikimaliza kazi kwake ananiuliza, "Umezisikia zote?" Namjibu, "Zote ishirini, dada."

Mwaka juzi nilipata simu kutoka Goba. Sikuitambua namba, lakini lokesheni niliitambua kabla ya kuifungua vizuri. Ilikuwa IST ile ile, mara hii tairi la nyuma, msumari. Nilipoingia getini gari lilikuwa kwenye njia ile ile inayoteremka. Nilianza kulizunguka. Hendibreki imevutwa mpaka juu. Mbele ya magurudumu yote mawili ya mbele, upande wa mteremko, pamewekwa mawe, makubwa, yamesukumwa mpaka yakagusa mpira.

"Nani kaweka haya?" nikauliza.

Kijana mmoja mrefu aliyekuwa amesimama kibarazani, nje kabisa ya njia, akainua mkono.

Nikamalizia mzunguko wangu hata hivyo, nikamwomba mama yake tulisogeze gari mpaka kwenye tambarare la juu, karibu na tangi la maji. Kijana akaja kunisaidia kubeba yale mawe. Tukayaweka upya, nikaukanyaga ubao, ndipo nikashusha jeki.